Chema Chajiuza? Fani na Maudhui ya Picha katika Mfuko wa Mchele wa Kyela

Makala haya yanakusudia kuhakiki matini ambayo wahakiki wetu wameipita kama hawaioni: picha ya wali iliyochapwa kwenye mfuko wa mchele. Najua wapo watakaoguna. Eti mfuko nao ni fasihi? Hebu tuutazame. Una jina, una maneno yaliyoteuliwa, una taswira, na una hadhira inayoombwa iamini. Tena hadhira hiyo inalipa. Riwaya mbaya humpotezea msomaji jioni moja tu; mfuko mwongo humla mnunuzi fedha, na humnyang'anya mkulima jina la kwao.

Mkulima tunayemzungumzia ni wa Ngana, kata ya Wilaya ya Kyela iliyo upande wa Mto Songwe unaotutenga na Malawi. Bonde hili la kaskazini mwa Ziwa Nyasa ndilo lililoupatia mchele wa Kyela sifa zake, na sifa ya kwanza ni harufu. Katika masoko ya Dar es Salaam mchele humwagwa wazi, ukachomekwa kipande cha boksi chenye jina: Kyela, Mbeya, Shinyanga. Mnunuzi huchota kiganjani, hunusa, hutafuna punje mbili tatu, ndipo aulize bei. Huo nao ni usomaji, na ni usomaji makini. Mfuko wa kilo tano uliofungwa kiwandani umeufuta. Pua na meno havina kazi tena. Kazi yao imekabidhiwa picha.

Si kwamba chapa za chakula hazikuwa na picha zamani. Unga wa mahindi wa Kenya ulijulikana kwa Jogoo na kwa Pembe. Lakini hakuna mnunuzi aliyedhani kwamba ndani ya pakiti mna jogoo. Ile ilikuwa ishara, mfano wa methali: inataja jambo moja ikimaanisha jingine, na asiyejua kusoma aliitambua dukani. Picha ya kamera huja na dai tofauti kabisa. Inasema: hiki ndicho utakachokula. Hapo fani inageuka kuwa ahadi, na ahadi huweza kuvunjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, matangazo ya supu ya Campbell huko Marekani yalipigwa picha baada ya gololi kutiwa bakulini ili mboga zielee juu, supu ionekane nzito. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ililazimika kuingilia kati. Wapiga picha za chakula wana mbinu nyingine nyingi, kama oili ya gari kusimama badala ya asali, au pamba iliyoloweshwa na kupashwa moto ili itoe mvuke nyuma ya sahani.

Mtindo unaotawala siku hizi ni huu: bakuli limepigwa picha kutoka juu, liko juu ya ubao mweusi, mwanga unaingia kutoka upande mmoja kama wa dirishani, punje ni ndefu na kila moja imejitenga na mwenzake, na juu kabisa pamewekwa jani la kotmiri. Ni picha nzuri, hilo sikatai. Swali ni kwamba, ukifuta maandishi, wali huo ni wa wapi? Waweza kuwa wa Thailand, waweza kuwa wa Pakistan. Mandhari hayamo, mpishi hayumo, mlaji hayumo. Na sasa akili mnemba inaweza kutuchorea wali ambao haukuwahi kuonja moto wala maji!

Mwaka 1964 Mfaransa Roland Barthes alihakiki tangazo la tambi za Panzani: kikapu cha wavu kilicho wazi, pakiti, nyanya, vitunguu, pilipili. Alionyesha kuwa rangi na vitu vile vilijenga Uitaliano, tena Uitaliano wa machoni pa Mfaransa, si wa Mwitaliano mwenyewe. Tukilifuata swali lake, mfuko wetu una tatizo kubwa zaidi. Panzani walitia chumvi katika mahali. Sisi mahali tumepafuta kabisa, ili wali wa Kyela ufanane na ule uliozoeleka hotelini.

Wanafunzi wa fasihi tumebishana sana kama fani na maudhui ni kikombe na chai, au ni pande mbili za sarafu moja. Wengi wetu tulikwisha kuamua kwamba ni sarafu. Lakini dukani mambo ni kikombe na chai: mfuko ni mfuko, na chochote chaweza kumiminwa ndani. Kilio kwamba mchele wa kwingine huuzwa kwa jina la Kyela si kipya. Sasa basi, picha isiyo na mahali ndiyo rafiki wa mmiminaji, kwa sababu haisemi lolote ambalo mtu angeweza kumshika nalo.

Wapo watakaosema dawa ni kumweka mkulima pale mfukoni. Wapi! Mkulima wa matangazo ni mhusika bapa: anatabasamu, hana jina, hana deni, wala hatuambiwi kauza kilo kwa bei gani. Afadhali mfano wa ng'ambo ya Songwe. Mchele wa Karonga uliuzwa Uskoti na Just Trading Scotland kwa jina la Kilombero, na kampeni yao ilisema wazi kuwa kilo 90 zikiuzwa, mkulima anaweza kumsomesha mtoto sekondari mwaka mmoja. Jina ni la bonde letu, lakini tusiwaonee wivu. Tuige lile dai linaloweza kuhojiwa.

Binafsi ningependa kuuona wali huo katika chungu cha Wakisi wa Ikombe, pembeni mbasa au usipa wa ziwani. Hata hivyo chungu nacho hununuliwa, na mjanja atakinunua. Kwa hiyo taswira pekee haitoshi. Paachwe sehemu angavu mfukoni punje zionekane zilivyo, na paandikwe kata na msimu wa mavuno. Hapo picha na mchele vitaanza kufungana kama sarafu.

Chema chajiuza, walisema wahenga, lakini walisema hivyo wakati chema kilikuwa wazi mbele ya macho na pua. Kikishashonewa mfukoni hakijiuzi tena. Kinauzwa na picha. Mhakiki anayedai kutetea maudhui ya jamii yake asiishie kwenye rafu za maktaba. Afungue na kabati la jikoni.