Nakivubo na Majina ya Wafu: Uhakiki wa Kumbukumbu ya Jamaa katika Uwanja, Olumbe na Riwaya ya Kintu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki njia tatu za kuwakumbuka waliotangulia jijini Kampala: Uwanja wa Nakivubo uliowekwa kuwa ukumbusho wa vita, desturi ya Baganda iitwayo olumbe, na riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu ya marehemu hudumu pale jina lake linapokabidhiwa mtu aliye hai. Hata hivyo, orodha ya majina ya ukoo nayo ina watu inaowaacha nje. Kiswahili, lugha ya askari wa Keya, kinapendekezwa kuwa nyenzo ya kuwatafuta watu hao.

1. Utangulizi

Nakivubo ni sehemu ya bondeni katikati ya Kampala, penye masoko, vituo vya teksi na mtaro mkubwa unaopeleka maji ya jiji hadi Ziwa Victoria. Jirani yake lipo soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi hulijua kwa jina la Owino. Kati ya pilikapilika hizo umesimama uwanja wa michezo ambao jina lake la kisheria linautaja kuwa ni kumbukumbu ya vita. Uliwekwa kuwaenzi wana wa Uganda waliopigana upande wa Uingereza katika vita vya dunia.

Uwanja wa zamani ulibomolewa mwaka 2017, na mpya ukafunguliwa mwaka 2024. Katika mazungumzo ya kila siku wengi sasa wanauita Hamz, kutokana na jina la mwekezaji aliyeujenga upya, Hamis Kiggundu. Neno “kumbukumbu” linazidi kusikika kwa nadra. Swali la makala haya halihusu umiliki wa uwanja. Linahusu jambo ambalo jina lile la awali liliahidi, na iwapo ahadi hiyo ilikuwa na uwezo wa kutimizwa.

2. Ukumbusho usio na majina

Ukumbusho wa Nakivubo ulikuwa na kasoro tangu mwanzo: uliwakumbuka askari kwa ujumla wao. Jina la uwanja linataja vita, halimtaji mtu. Mjukuu ambaye babu yake hakurudi kutoka Burma, walikopigana askari wa Afrika Mashariki mwaka 1944, angeweza kuingia uwanjani, akatazama mechi na kutoka bila kukutana na babu yake. Dola ilimkumbuka askari kama sehemu ya idadi. Familia ilimkumbuka kama baba wa fulani na mume wa fulani. Kumbukumbu hizo mbili hazikuwahi kukutanishwa.

Ajabu ni kwamba uwanja huohuo ulipata kuwa mahali pa kutaja nasaba, lakini kwa njia nyingine. Mashindano ya kandanda ya Bika, yanayozikutanisha koo za Buganda, yamechezwa Nakivubo mara nyingi. Mtazamaji hushangilia ukoo wake wa Simba, wa Kima au wa Uyoga, na hukaa na jamaa ambao huenda hajawahi kuonana nao. Kwa hiyo, kilichoufanya uwanja kuwa mahali pa jamaa ni koo zilizoingia na majina yao, na si maandishi ya sheria.

3. Olumbe kama matini

Desturi ya okwabya olumbe hufanyika baada ya maziko, pengine miezi au miaka kadhaa baadaye. Inafanana na arobaini ya Waswahili kwa kuwa hukusanya jamaa walio mbali, ila kiini chake ni kumsimika mrithi, yaani omusika. Mrithi huvishwa vazi la gome la mti, hukabidhiwa alama za nafasi yake na kutambulishwa mbele ya ukoo. Tangu hapo, nafasi ya marehemu ina mtu wa kuijaza.

Sambamba na hiyo ipo sanaa ya kulanya: mtu kujitambulisha kwa kutaja baba, babu, na matawi ya ukoo hadi kwenye shina. Kihakiki, huu ni utanzu kamili wa fasihi simulizi. Una fanani, una hadhira inayoweza kumsahihisha, na una muundo unaopanda kutoka nyumba hadi ukoo mzima. Anayekosea jina la babu huaibika hadharani. Ndiyo maana mijumuiko hii ni shule ya historia: kijana aliyezaliwa mjini hulazimika kwenda kwa shangazi na wajomba kuuliza, kwa kuwa hakuna kitabu cha shuleni kitakachomfundisha nasaba yake. Apolo Kagwa alizikusanya habari za koo za Baganda kwa maandishi mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hata kitabu chake hakiwezi kumjua babu wa kila mtu.

Hapa ndipo olumbe inapouzidi uwanja. Msingi wake ni jina, si kaburi, na jina halifi vitani.

4. Riwaya ya Kintu na wasiohesabiwa

Hata hivyo, kuisifu olumbe bila kuihoji ni kosa ambalo riwaya ya Kintu (2014) inalifichua. Mwaka 1750, Kintu Kidda anamuua Kalema kwa bahati mbaya. Kalema ni mtoto wa Mtutsi aliyelelewa nyumbani kwake. Kijana huyo anazikwa harakaharaka na ukweli unafichwa. Baba yake mzazi, Ntwire, anatamka laana ambayo inawaandama wazao wa Kintu hadi mwaka 2004, wanapokutana katika ardhi ya mababu kutafuta chanzo cha misiba yao.

Usomaji wa haraka huuona mkutano huo kuwa ushindi wa ukoo. Usomaji makini unaona jambo gumu zaidi: jeraha la ukoo limetokana na mtu ambaye nasaba haikumhesabu. Kalema hakuwa wa damu, hivyo masimulizi ya familia yangeweza kukamilika bila yeye. Kumbukumbu ya jamaa huhifadhi, lakini pia huchagua.

Riwaya yenyewe ina uchaguzi wake. Inatoka karne ya 18 na kuingia wakati wa sasa bila kuupa ukoloni sehemu yake mahususi, na askari wa vita vya dunia hawapati nafasi ya mbele. Wafu wa Nakivubo wanaangukia katika pengo hilo. Dola iliwakumbuka bila majina. Riwaya kubwa ya nasaba nayo imewapita.

5. Kiswahili na pengo hilo

Maisha ya askari hao jeshini yaliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, kile kilichoitwa Kikeya. Nyumbani walisimuliwa kwa Kiganda, Kiacholi, Kiteso na lugha nyingine. Kwa miongo mingi Kiswahili kilishukiwa nchini Uganda kuwa lugha ya bunduki, na pingamizi dhidi yake lilikuwapo Buganda tangu miaka ya 1920. Kwa kukikataa, familia zilijitenga pia na lugha ambayo babu zao walipewa amri kwayo, wakaimba kwayo na kuagana kwayo.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mafunzo yake yasiishie kwenye biashara ya kikanda. Mwanafunzi anaweza kutumwa nyumbani kuuliza: nani katika ukoo wetu alikwenda Keya, alirudi na maneno gani, na ni nani asiyetajwa tunapolanya?

6. Hitimisho

Jina la uwanja linaweza kubadilika, na pengine kubadilika kwake kumeonyesha tu udhaifu uliokuwapo. Ukumbusho unaohitajika Nakivubo ni majina, na majina hayo yangali kwa jamaa. Wazee wanaoyajua wanapungua kila msimu wa olumbe. Kazi ya kuyakusanya, pamoja na ya akina Kalema, haiwezi kungoja.