Aliyefungwa Kitambaa Usoni

Kijana mmoja wa kwaya yetu alinionyesha filamu kwenye simu yake baada ya ibada, tukiwa tumekaa kwenye benchi barazani tukisubiri mvua ipungue. Ilikuwa filamu fupi ya Wes Anderson iliyotoka mwaka 2023, The Wonderful Story of Henry Sugar, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Oscar. Haifiki dakika 40, lakini yeye alitaka nione sehemu moja tu. Madaktari wa hospitali moja huko Calcutta wanamziba mtu macho kwa unga uliokandwa, kisha pamba, kisha bandeji, wanamzungushia kichwa chote. Mtu yule anatoka nje, anapanda baiskeli, na kuingia barabarani kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mwalimu," kijana akaniuliza, "hii si ndiyo kuenenda kwa imani?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitaitazama yote kwanza, na baadaye nikaitafuta hata hadithi yenyewe aliyoiandika Roald Dahl na kuchapishwa mwaka 1977. Jibu langu ndilo hili. Limechelewa, tena ni refu kuliko alivyotaka.

Kwanza niseme kwamba hadithi ni nzuri, na mzazi asiogope mtoto wake kuiona. Henry Sugar ni tajiri asiyefanya kazi yoyote, mpenda karata. Siku moja anakuta daftari lenye habari za mtu wa India aliyejifunza kuona bila kutumia macho, kwa kuukazia mawazo mwali wa mshumaa. Henry naye anajifunza kwa miaka zaidi ya mitatu, si kwa kutafuta hekima, bali kwa kutaka kuzisoma karata kwa mgongo wake. Anafanikiwa. Anakwenda kwenye kasino, anashinda, anarudi nyumbani na kushangaa kwamba hana furaha. Kesho yake anasimama kwenye roshani na kuzimwaga noti barabarani, watu wanagombania, na polisi anapanda ngazi kuja kumkemea. Kama huzitaki fedha zako, anamwambia, hakuna hospitali? Hakuna nyumba za yatima? Kuanzia hapo Henry anazunguka dunia akishinda fedha za kamari na kujenga nyumba za yatima.

Nilipofika kwa polisi yule nilisimamisha filamu. Katika hadithi nzima yeye ndiye anayeona jambo lenye maana, naye anaona kwa macho haya haya tuliyozaliwa nayo. Hakukodolea mshumaa. Aliona fedha matopeni akawakumbuka watoto. Yogi, madaktari na tajiri wote wanahangaika na jicho la ndani, na anayemfumbua Henry macho ni askari mwenye hasira. Nadhani Dahl alijua alichokuwa akifanya, na Anderson amekilinda vizuri.

Kasoro ninayoiona ni nyingine. Anderson ametengeneza filamu inayokiri ujanja wake. Wafanyakazi wa jukwaani wanaingia na kuwapa waigizaji vitu, kuta zinavutwa mbele ya macho yetu. Yogi anapoelea hewani, mwigizaji amekaa juu ya sanduku lililopakwa rangi lifanane na mandhari ya nyuma yake, na sanduku tunaliona. Ni kiinimacho kinachojitangaza kuwa kiinimacho, na kwa hiyo hakimdhuru mtu. Lakini bandeji hazikuguswa. Hapo peke yake tunaombwa tuamini, na bandeji zile zina historia.

Mtu yule wa Calcutta ametokana na mtu wa kweli, Khudah Bukhsh, aliyezaliwa Kashmir mwaka 1905 na kujulikana jukwaani kama Kuda Bux. Mwaka 1935 alitembea juu ya makaa ya moto huko Surrey, Uingereza, mbele ya wachunguzi. Dahl aliandika makala juu yake mwaka 1952, miaka mingi kabla ya kuitunga hadithi. Alizibwa macho kwa unga, pamba na bandeji kama kwenye filamu, kisha akasoma vitabu alivyoletewa na watazamaji. Televisheni ya Marekani ilipompa kipindi mwaka 1950 ilimtangaza kuwa bingwa wa siri za Kihindu, mtu mwenye jina la Kiislamu. Hata kabla kitambaa hakijafungwa, watazamaji walikuwa wamekwisha kufungwa chao.

Siri kubwa ya mchezo huu ni pua. Msomaji ajaribu nyumbani: ajifunge kitambaa barabara, amwombe mtoto akikaze, kisha atazame chini. Ataviona vidole vya miguu yake. Pua huinua kitambaa na kuacha upenyo kila upande, na aliyezoea hukunja uso wakati wa kufungwa, kisha akaulegeza. Ndiyo maana wengi wao huinua kichwa kidogo kama mtu anayenusa chakula jikoni. Mwaka 1966 Martin Gardner aliandika katika jarida la Science kuhusu wanawake wa Urusi ya Kisovieti, miongoni mwao Rosa Kuleshova, waliosemekana kusoma maandishi kwa vidole huku wamefungwa macho. Ushauri wake kwa wanasayansi ulikuwa rahisi: acheni vitambaa, mvisheni mtu sanduku linalofunika kichwa na kukaa mabegani.

Simlaumu mwanamazingaombwe kwa hili. Mtu aliyelipa kiingilio ili adanganywe kwa ustadi hajaibiwa, na ustadi wenyewe ni kazi ya miaka. Ninampenda hasa Mfaransa Robert-Houdin, ambaye mwaka 1846 huko Paris alimkalisha mwanawe Émile jukwaani amefungwa macho, naye akapita katikati ya watu akishika saa, funguo, sarafu, na mtoto akavitaja. Habari zilimfikia mtoto kwa sikio, zikiwa zimefichwa ndani ya maneno ya baba yake. Kitambaa kilikuwa pambo tu. Robert-Houdin anasimulia jinsi yeye na mwanawe walivyopita mbele ya madirisha ya maduka, wakatupa jicho mara moja, kisha wakaandika kila walichokiona ili kuinoa kumbukumbu. Baba na mwana wakifanya mazoezi pamoja barabarani! Ningelipa kiingilio bila kunung'unika.

Ila ufundi huo huo huhamia mahali pengine. Mwaka 1986 James Randi, mwanamazingaombwe, alifichua kwenye televisheni ya Marekani jinsi mhubiri Peter Popoff alivyokuwa akitaja majina na magonjwa ya watu katika ibada zake. Watu walikuwa wamejaza kadi za maombi kabla ya ibada, na mke wake alikuwa akimsomea kwa redio ndogo iliyowekwa sikioni. Ni mchezo wa Robert-Houdin ule ule, bila kitambaa na bila kiingilio mlangoni. Tofauti ni kwamba mgonjwa aliyeitwa jina lake alidhani ameitwa na Bwana.

Sasa nirudi kwa Kuda Bux, maana kuna jambo ambalo filamu haikulitaja. Mtu aliyesifika kwa kuona akiwa amezibwa macho alipoteza uwezo wa kuona uzeeni mwake, kwa ugonjwa wa glakoma. Alikufa mwaka 1981. Sisi huuita presha ya macho. Kinachoibwa na ugonjwa huu hakirudi. Matone anayopewa mgonjwa hulinda kile kilichobaki, basi.

Ninaujua kwa sababu mama yangu alikuwa nao. Alitumia matone yake kila jioni kwa miaka kadhaa, akiweka kichupa juu ya kabati karibu na saa. Kisha ukaja mkutano wa nabii mmoja mjini kwetu. Wasaidizi wake walimfunga kitambaa cheusi, akatembea kati ya mistari ya viti akitaja rangi za nguo za watu, na watu wakapiga kelele za shangwe. Baada ya hapo akawaambia wagonjwa kwamba anayeendelea kumeza dawa amekwisha kumwambia Mungu kuwa hamwamini. Mama hakunieleza lolote. Kichupa kilibaki juu ya kabati, nami nilikiona kila nilipokuja wala sikuuliza mbona hakipungui. Miezi saba ilipita. Tulipofika kwa daktari, jicho la kushoto lilikuwa limekwenda kabisa na la kulia lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Njiani kurudi nilipandisha sauti. Nilimuuliza imekuwaje mtu mzima kama yeye akamwamini mtu yule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, si ni wewe uliyesema pale kanisani kwamba imani ni kufumba macho na kumwachia Mungu?"

Nilikuwa nimesema hivyo. Nililisema katika zamu yangu ya neno, nikilieleza lile andiko la Paulo kwa Wakorintho kuhusu kuenenda kwa imani, na watu waliitikia amina. Paulo hakuwa akisifu macho yaliyofumbwa. Alikuwa anazungumza na watu walio mbali na nyumbani, wenye hamu ya kufika, ambao hawajamwona Bwana wao uso kwa uso. Msafiri wa namna hiyo hutazama njia kwa makini kuliko wengine. Lakini mimi nilitaka mfano mzuri, na mfano mzuri uliokuwa karibu ulikuwa wa jukwaani.

Kwaresima iliyofuata nilianza kumsomea Mama jioni, kwa kuwa herufi zilikuwa zimemshinda. Tukafika Luka sura ya 22, pale walinzi wanapomfunga Bwana Yesu kitambaa, wanampiga, na kumtaka atabiri ni nani aliyempiga. Nilikuwa nimesoma sura hiyo mara nyingi bila kukiona kitambaa. Walinzi wale walikuwa na wazo lao kuhusu nabii: ni mtu anayetaja kilicho mbele ya kitambaa. Walimtengenezea jukwaa, wakaweka sharti, wakasubiri onyesho.

"Akawajibu nini?" Mama aliuliza.

"Hakuwajibu kitu, Mama. Luka hasemi kwamba alijibu."

"Na alikuwa anawajua waliompiga."

"Alikuwa anawajua."

Alikaa kimya, mikono juu ya kanga yake. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Kisha akanitaka nirudi nyuma, nimsomee kilichotokea kabla ya hapo. Nikarudi mistari michache. Ilikuwa ni habari ya Petro kwenye moto uani, ya jogoo, na ya Bwana akigeuka na kumtazama. Alichokuwa amemtabiria Petro kilikuwa kimekwisha kutimia, na hakuna mlinzi aliyekiona. Walikuwa wakitafuta kitambaa.

"Kwa hiyo alimtazama kwanza," Mama akasema, "ndipo wakamfunga."

"Ndiyo, Mama."

"Soma tena hapo alipomtazama."

Nikasoma tena. Kisha nikainuka, nikachukua kichupa juu ya kabati, naye akainamisha kichwa nyuma na kulifumbua jicho la kulia kwa vidole vyake viwili.