Toba Isiyopokelewa: Imani na Ukombozi katika Riwaya ya Rosa Mistika

Hadithi ya mapenzi yenye mwelekeo wa Kikristo aghalabu hutatua mgogoro wake kwa toba: mhusika huanguka, hutubu, na mpenzi wake humpokea. Msamaha wa Mungu na wa mchumba huwa kitu kimoja. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi inaitenganisha misamaha hiyo miwili. Rosa, aliyelelewa Ukerewe kwa ukali wa baba yake, Zakaria, anafika katika chuo cha ualimu cha Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, mbali kabisa na macho ya mzazi. Huko anguko lililoanza shuleni linakomaa, na mkuu wa chuo mwenyewe ni mshiriki. Kuisoma sehemu hii kama onyo kwa wasichana peke yao ni kuipunguza, kwani mwenye mamlaka ndiye aliyepaswa kulinda.

Hata hivyo, uzito wa riwaya uko mbele zaidi. Rosa anarudi akiwa amebadilika kweli, lakini Charles anamkataa kwa kukosa ubikira, si kwa kukosa toba. Jina lake, lililotoka katika litania ya Bikira Maria, linakuwa kipimo asichoweza kukifikia tena. Baada ya Rosa kujiua, mwandishi anamsimamisha pamoja na Zakaria mbele ya Mungu, baba na binti wakishtakiana. Charles, aliyeikataa toba hiyo, angali duniani, kesi haimhusu.