Hita ya Maji Inapovuja: Kutengeneza au Kubadilisha

Hita ya umeme ya ukutani inayovuja huamuliwa kwanza kwa swali moja: maji yanatokea wapi? Yakitokea kwenye kiungo, kwenye valvu au kwenye gasketi ya flenji, ile sahani ya chuma inayoshika elementi, hita inatengenezeka. Yakitokea kwenye mwili wa tangi, haitengenezeki, na kila shilingi inayomwagwa hapo imepotea. Kanuni hii ni fupi, lakini huvunjwa kila siku, na wanaoivunja ndio wanaosifiwa. Fundi anayefika na silikoni mkononi, akapaka chini ya hita, akafuta sakafu na kuondoka kabla chai haijapoa, huitwa hodari na namba yake hupewa majirani. Anayezima umeme, akamwaga maji yote, akafungua flenji na kumaliza asubuhi nzima kabla hajatamka bei, huambiwa ni mzito. Sifa zimekwenda kwa asiyestahili, na baada ya miezi mitatu dari ya jirani wa chini ndiyo inayolipa.

Tone linaloonekana chini ya hita halithibitishi kitu. Kati ya tangi la ndani na ganda la nje kuna povu gumu la kutunza joto. Maji yanayopenya popote hulowesha povu hilo, hushuka taratibu na kutokea sehemu ya chini kabisa, mara nyingi kwenye kifuniko cha nyaya. Kwa hiyo kazi nzuri huanza kwa kuzima umeme kwenye sakiti breka, kwani kitufe cha hita yenyewe hakitoshi. Maji na nyaya vimeshakaribiana. Kisha kila kiungo hukaushwa kwa kitambaa, huzungushiwa karatasi ya chooni, na fundi hukaa pembeni akasubiri. Karatasi huonyesha unyevu kabla ya jicho. Asiye na subira ya hapa hana haja ya kufungua boksi la spana.

Valvu ya usalama husingiziwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Maji yakipata joto huongezeka: lita 80 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huzidi kwa takriban lita 1.2, na kwa kuwa valvu haiyaruhusu kurudi kwenye bomba la baridi, sharti yatoke kwa kudondoka. Tone la wakati hita inapasha si uvujaji. Tone linaloendelea usiku kucha, umeme ukiwa umezimwa, ndilo lenye maana: ama valvu imeingia mchanga, ama presha ya maji yanayoingia imezidi. Valvu hubadilishwa, na bei yake ni ndogo. Kosa lisilosameheka ni kuiziba. Mafundi wamepigiwa makofi kwa kufunga plagi kwenye mdomo wa valvu na kulikomesha tone. Valvu nyingi za hita hizi hufunguka presha ikifika baa 8. Ikizibwa, na siku moja themostati ikagoma kukata, maji hupita kiwango cha kuchemka yakiwa yamefungiwa, na tangi likipasuka, kila lita ya maji inayogeuka mvuke hutanuka hadi zaidi ya lita 1,600.

Gasketi ya flenji ni jambo la dakika chache: huwekwa mpya daima, ya zamani haigeuzwi, na bolti hukazwa kwa kuvuka, moja na ile inayoielekea. Silikoni kwenye gasketi ni ushahidi kwamba fundi hakusafisha mahali gasketi inapokaa.

Flenji ikishafunguliwa ndipo hukumu inapopatikana, na hapo ndipo wasio wa kazi hii hupitwa kila mara. Macho yote huenda kwenye elementi kwa sababu imevimba chokaa na inatisha. Elementi hubadilishwa na maisha yakaendelea. Cha kutazamwa ni fimbo iliyo kando yake, anodi ya magnesiamu. Tangi la chuma hupakwa enameli ndani na kuchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 800, lakini hakuna enameli isiyo na nyufa na vitobo vidogo, na kutu huanzia humo. Magnesiamu huliwa upesi kuliko chuma. Maadamu ipo na imegusana na tangi, huliwa yenyewe na chuma kikasalimika. Humphry Davy alilionyesha jambo hili mwaka 1824, alipoikinga shaba iliyofunika manowari za Uingereza kwa vipande vidogo vya zinki na chuma.

Fimbo mpya ni nene kama kidole gumba, laini, ya kijivu. Fimbo iliyofanya kazi hutoka imechimbika huku na huku, imepungua, ina mikwaruzo mirefu na utelezi mweupe. Hiyo ni habari njema. Ikiwa ndani ya tangi bado ni safi, gasketi mpya na anodi mpya huirudisha hita kazini kwa miaka. Fimbo iliyobaki waya mtupu inasema kwamba tangi limekuwa peke yake, na hakuna ajuaye kwa muda gani. Hapo tochi huingizwa ndani: michirizi ya rangi ya kahawia ikionekana kwenye enameli, hita ibadilishwe hata kama leo inavuja kwenye gasketi tu.

Hali ya tatu ndiyo inayompambanua fundi wa kweli. Hita ina miaka sita, na fimbo inatoka nene, karibu nzima. Mwenye nyumba hufurahi, na fundi wa juujuu hufurahi pamoja naye, akairudisha. Fimbo nzima baada ya miaka sita ni habari mbaya kuliko waya mtupu. Hukwanguliwa kwa kisu. Likibanduka ganda gumu la chokaa na chini yake magnesiamu ikawa laini kama ilivyotoka dukani, basi ilifunikwa mapema na haikufanya kazi. Pasipo ganda, kinachofuata ni kukagua ilivyofungwa: nati iliyolegea au kutu kwenye kishikio huikata fimbo na tangi, na pasipo chuma kugusa chuma, hailindi chochote. Katika hali zote mbili kilicholiwa ni tangi.

Fundi mmoja mzee wa Arusha alikuwa na desturi ya kutandika gazeti sakafuni, kuilaza fimbo juu yake na kumwita mwenye nyumba aishike. Hakutaja bei kabla ya hapo. Desturi hiyo ilikuwa kinga dhidi ya laghai wa aina nyingine, anayetembea na fimbo iliyoliwa ndani ya mfuko wake na kuionyesha kila nyumba ili auze hita mpya. Ulaghai huo hugunduliwa kwa mkono: fimbo iliyotoka kwenye tangi sasa hivi imelowa na inateleza, ya mfukoni ni kavu na ina vumbi.

Maji ya mahali hubadilisha hesabu. Maji ya visima vya Dar es Salaam na Mombasa yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na fimbo huisha haraka. Huko hita hufunguliwa kila mwaka. Kwa maji laini ya bwawa la Ndakaini yanayoingia Nairobi, miaka miwili inatosha.

Wapo wanaolichomelea tangi lililotoboka. Kwa nje mshono hupendeza, lakini joto la kuchomelea huiharibu enameli ya ndani kuzunguka tundu, na tundu jipya hutokea karibu na la zamani. Matangi ya shaba ya zamani, yale ya chini ya dari katika nyumba za miaka ya hamsini, yalilehemiwa na kurudi kazini, kwa sababu shaba haikuhitaji enameli na presha ilikuwa ya tangi la darini tu. Mafundi walioyajua walikuwa na mkono ambao leo hauonekani, na matangi yenyewe sasa huuzwa kama chuma chakavu, kwa kilo.

Hita ya miaka kumi yenye kutu haijadiliwi. Matengenezo yanayozidi theluthi ya bei ya hita mpya pia hayajadiliwi. Tangi jipya huchaguliwa kwa uzito: kati ya mawili ya lita sawa, lililo zito ndilo lenye chuma cha kutosha, na anayeuza asiyejua kama anodi ipo si wa kufanya naye biashara.

Ufungaji nao una dalili zake. Hita ya lita 80 ikijaa huwa na karibu kilo 100, kwa hiyo bolti huingia kwenye tofali zima. Ukuta wa matofali yenye matundu hutobolewa hadi upande wa pili. Shaba haigusanishwi moja kwa moja na mdomo wa chuma wa tangi. Mdomo wa valvu hupewa kibomba kinachoshuka mpaka kwenye bomba la maji machafu, wazi, bila koki. Umeme hauwashwi kabla koki ya maji moto haijatoa maji mfululizo bila kutema hewa, kwani elementi ikipashwa kavu huungua mara moja. Tarehe huandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko. Kesho yake, hita ikiwa imepata joto na kupoa, bolti za flenji hukazwa tena, kwa kuwa gasketi mpya hulala kidogo baada ya joto la kwanza.