Faradhi, Suna na Kazi za Nyumbani katika Utendi wa Mwana Kupona

Uhakiki wa Utendi wa Mwana Kupona umezungushwa kwa muda mrefu katika swali moja: je, mwanamke anayeusiwa humu ni mtumwa wa mumewe, au ni bibi wa nyumba anayejua kumtawala mume kwa upole? Alice Werner na William Hichens, walipouchapisha utendi huu mwaka 1934, waliupa anwani ya Kiingereza iliyosisitiza wajibu wa mke, na anwani hiyo imewaongoza wasomaji wengi kabla hawajafika kwenye ubeti wa kwanza. Ann Biersteker, katika makala aliyoyatoa mwaka 1991, alitaka utendi uangaliwe upya kwa kuzingatia lugha na uwezo. Mjadala huo umezaa matunda. Hata hivyo, pande zote mbili zimewatazama mume na mke peke yao. Katika utendi wenyewe kuna swali lililotangulia hilo: mtu aliyepewa mchana mmoja na usiku mmoja atatimizaje haki za Mola wake pamoja na haki za viumbe? Jibu la Mwana Kupona ni la kisheria kuliko inavyodhaniwa, na gharama yake haikulipwa na yule aliyeusiwa peke yake.

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Aliutunga utendi huu yapata mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, ili kumwusia bintiye Mwana Hashima. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Beti zake ni 102 hivi, katika lahaja ya Kiamu.

Wasia wa kwanza ni wa dini: faradhi zisiachwe, nazo suna zitekelezwe panapowezekana. Wahakiki hulipita sharti hilo la uwezekano kana kwamba limewekwa kwa ajili ya vina tu. Ukweli ni kwamba limebeba kanuni nzima ya fiqhi. Faradhi haina hiari. Suna humpa thawabu aitendaye wala haimtii hatiani aiachaye. Kwa kuitaja kanuni hii mapema, mshairi anafungua nafasi katika siku ya bintiye. Ibada ya ziada inaweza kupisha shughuli, lakini ibada ya lazima haipishi kitu. Baada ya hapo sala na saumu hazifafanuliwi katika mawaidha. Binti amekwisha kufundishwa hayo, na mama anaharakisha kufika kwenye adabu, ukweli wa ulimi, na hatimaye radhi tano ambazo kiumbe anazihitaji: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume.

Ni katika radhi ya tano ambapo utendi unatulia na kutanda. Binti afagie nyumba na kuosha choo bila kuruka siku. Aoge, ajisinge, asuke nywele, atunge asumini na kuzitandaza kitandani. Mume apepewe, akandwe, anyolewe na kutengenezwa ndevu. Msomaji wa leo huona hapa orodha ya utumishi tu, wala hakosei kabisa. Lakini choo cha nyumba ya mawe ya Lamu au Siyu ndipo mahali pa kujitwahirishia, na pasipo tahara hakuna sala inayosihi. Kazi inayoonekana duni kuliko zote imekaa mlangoni mwa ibada. Fani nayo inasaidia kuziba pengo hilo. Faradhi za Mungu na ndevu za mume zimo katika mizani minane ile ile, na kila ubeti unaishia katika kina kile kile cha bahari. Sikio halipati ishara yoyote kwamba limetoka msikitini na kuingia chumbani.

Muungano huo una uzuri wake, ila pia una mtego. Kazi ikishageuka kuwa njia ya pepo, si rahisi kuikataa au hata kuilalamikia. Suna iliwekewa sharti la uwezekano. Huduma ya mume haikuwekewa udhuru wa namna hiyo. Tena Siku ya Kiyama hukumu ya mke inafungamanishwa na kauli ya mume. Mshairi anajitoa awe shahidi: marehemu mumewe, saa ya kufa, alimkaririria radhi yake. Huo ni ushahidi mzito kwa binti. Kihakiki, hata hivyo, ni ushahidi wa ndoa moja iliyokwenda vizuri.

Neno ‘mtumwa’ limetumiwa sana na wahakiki wa utendi huu kwa sitiari. Ni ajabu kwamba watumwa halisi waliomo hawatajwi sana. Kuna ubeti unaomwonya binti asichanganyike nao isipokuwa wakati wa kazi. Kuna pia shiraa, lile pazia ambalo mwanamke wa kiungwana alitembea ndani yake, likishikwa na wajakazi. Nafasi ya kutunga asumini ilipatikana kwa kuwa kulikuwa na mwingine wa kuteka maji na kutwanga. Kwa hiyo mizani ya ibada na maisha ya kila siku, inayosifiwa kama hekima ya mama, imeegemea pia mikono isiyousiwa chochote. Hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, utendi haukubadilika hata herufi. Bibi harusi aliyeusomewa baadaye alirithi wajibu wote pasipo kurithi wajakazi. Kazi ya Margaret Strobel ya mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa inaonyesha jinsi waungwana na wenye asili ya utumwa walivyoendelea kutofautiana na kuathiriana. Usomaji wa utendi huu ungefaidika kuanzia huko.

Lipo tendo moja ndani ya utendi ambalo si faradhi wala si huduma ya nyumba, nalo ni kutunga. Sheria humpunguzia mgonjwa: husali ameketi au amelala, na saumu yake huahirishwa. Mwana Kupona aliitumia ruhusa hiyo kumwita binti akae karibu na wino na karatasi. Mume hayupo tena wa kupepewa. Mwishoni anawaita wanawake wausome utendi wake, bila kutaja waungwana wala wajakazi, ilhali ubeti wa watumwa ulikwisha kuwatenga. Beti hizo mbili zimeachwa zikitazamana, na hakuna neno la mshairi linalozipatanisha.