Kazimoto Hana Sifa Tano

Kama ulisoma Kidagaa Kimemwozea shuleni, bado unaweza kuniambia Mtemi Nasaba Bora ni mtu wa aina gani bila kufungua kitabu. Katili, mnafiki, mzinzi, fisadi, mwenye majivuno. Sifa tano, kila moja na mfano wake, alama zako kumi hizo. Nazijua orodha hizi kwa sababu nimewahi kulipwa kuziandika, kwa ukurasa, za kutiwa kwenye miongozo. Sehemu ya wahusika ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. Kilichonikera ni huo urahisi. Kati ya watu unaowajua, nani anaisha kwa sifa tano?

Simlaumu marehemu Ken Walibora kwa majina. Amani, Imani, Majisifu, Madhubuti: mwalimu wako aliita mbinu hiyo majazi, ni ya zamani kama ngano, na ina raha yake. Shida yangu ni msimulizi. Huyu anajua yote, anaingia kichwani mwa yeyote anayemtaka, na akitoka huko ameshatuonyesha wa kumchukia.

Mwangalie Majisifu. Ni mwalimu, ni mlevi, na ameiba mswada wa kijana akauchapisha kwa jina lake. Nyumbani ana watoto wenye ulemavu anaowaonea haya. Na Amani, mwenye mswada, yuko hapo hapo Sokomoko akichunga ng'ombe wa Mtemi, nduguye Majisifu. Mazee, hiyo peke yake ni riwaya nzima! Mtu anayesifiwa kwa kitabu ambacho hakukiandika, usiku akikifungua huwa anasoma nini? Kuna sentensi anayoipita haraka kwa sababu ni nzuri kumzidi? Ningekaa ndani ya kichwa hicho kurasa hamsini bila kuchoka. Lakini msimulizi ana watu wengi wa kuwashughulikia, na jina lilishamhukumu mwalimu kabla hajafungua mdomo.

Utasema, basi si atumie nafsi ya kwanza? Alishaitumia. Katika Siku Njema (1996), Kongowea Mswahili anatusimulia mwenyewe safari yake kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Jicho limebanwa hapo, na kubanwa huko kunasaidia: baba ni fumbo kwetu kwa sababu ni fumbo kwake. Tatizo ni kwamba Kongowea anajihurumia sana na kujishuku kidogo. Ubaya karibu wote unatoka kwa wengine. Kumbe hata "mimi" anaweza kujiandikia mwongozo wake mwenyewe, sifa zote nzuri.

Ndiyo maana kila mwaka narudi kwa Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha 1974. Nilikisoma baada ya kuacha chuo, hivyo hakuna mhadhiri aliyeniambia nimwone Kazimoto vipi. Huyu ni msomi wa chuo kikuu. Manase, waliyekua pamoja, sasa ni mkuu wa wilaya, na ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anaamua kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase. Na anatuambia mwenyewe. Hakuna sauti ya juu inayokuja kumkemea wala kutuomba radhi. Umefungiwa na huyu msee humo ndani, na hasira yake kuhusu Rukia unaielewa kabisa, hapo ndipo unapoanza kujiogopa.

Halafu anampenda Sabina kweli, anamwoa. Ufurahi? Jaribu kumwandikia sifa zake. Ukiandika "mkatili" kuna ukurasa utakaokukatalia, ukiandika "mwenye mapenzi" kuna mwingine.

Ila hapa pia kuna bei. Sabina tunamwona kwa jicho la mtu aliyemwendea kama silaha. Kichwani mwake hatuingii hata siku moja. Kezilahabi angeweza kumpa Sabina sura moja tu, nasi tungepumua, lakini nadhani kitabu kingelegea. Kukosa hewa ndiko kunakofanya tumwamini Kazimoto. Bado nataka mtu aandike upande wa Sabina. Si mimi, ninaogopa.

Nayasema haya kwa sababu marafiki hunitumia hadithi zao, na nyingi zimeandikwa kama majibu ya mtihani. Mama mvumilivu. Polisi mla hongo. Kijana wa mtaa mwenye ndoto. Miaka minne tulifundishwa kuwakata watu vipande, sasa tunawaunda kwa vipande vile vile. Huwa nauliza swali moja tu: hapa nani ana kitu cha kuficha? Mpe huyo hadithi aisimulie.

Rafiki mmoja alikuwa na hadithi ya mama anayefungiwa nyumba kwa kodi ya miezi miwili. Landilodi mbaya, mama mwema, mvua inanyesha. Nikamwambia ajaribu kumpa usimulizi yule mtu anayekaa bure kwenye ploti na kazi yake ni kutia kufuli. Rasimu ya pili ilikuja wiki jana. Mtu huyo anafunga mlango, kisha anabeba jiko la yule mama hadi kwake lisinyeshewe. Jioni analiwasha, anapikia chai. Haelezi kwa nini, na rafiki yangu anasema yeye pia bado hajui.