Fani na Dhamira katika Dae Jang Geum

Dae Jang Geum, tamthilia ya televisheni iliyoongozwa na Lee Byung-hoon na kuonyeshwa Korea ya Kusini kwa sehemu 54 kati ya 2003 na 2004, yahusu mwanamke ambaye kumbukumbu za enzi ya Mfalme Jungjong (1506–1544) zamtaja kuwa tabibu wake. Kumbukumbu hizo ni chache. Maisha yake ya upishi ni ubunifu wa mtunzi, Kim Young-hyun.

Ubunifu huo ndio nguvu ya kazi hii. Jiko la kasri limegeuzwa uwanja wa siasa: Bibi Han na Bibi Choi wawaniapo ukuu wa jiko, chungu na viungo huwa silaha, na msuko husukumwa na kazi ya mikono badala ya mapanga.

Udhaifu umo katika usawiri wa mhusika mkuu. Mara nyingi Jang-geum huangushwa na hila za wengine, si na tabia yake. Huponyoka, hutegwa tena, na marudio hayo huchosha. Dhamira nayo yajipinga: elimu yadaiwa kushinda nasaba, lakini haipati cheo ila kwa hisani ya mfalme.

Hata hivyo, mwisho waikomboa. Jang-geum, aliyenyimwa ruhusa ya kumfanyia mfalme upasuaji, aufanya kwa mama mjamzito, mbali na kasri. Hapo ujuzi hauombi tena idhini ya kiti cha enzi.